Tatu ya mbio, sio tatu ya umbali: kisa cha mama mdogo na karatasi ya majibu

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya mama mdogo mwenyewe, nilimuuliza mara mbili na mara ya pili akasema andika mwanangu, kuna mtu mahali saa hizi ameshika karatasi kama ile yangu na hana wa kumsomea. Jina lake sitaweka, na hospitali tuliyoanzia sitaitaja. Ninachotaka kukieleza ni ile namba 3 iliyokuwa kwenye karatasi ya majibu yake ya kansa ya titi, na jinsi ukoo mzima tulivyoisoma vibaya kwa wiki saba.

Mama mdogo ana miaka 52, analima viazi Isyonje, ile barabara ya kwenda Tukuyu, pale pa kukatia kwenda Kitulo, wanaopita na basi wanapajua kwa zile ndoo za viazi zinazopangwa pembeni ya lami. Mwezi wa pili mwaka jana akiwa anaoga akashika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, hakiumi, kama kokoto iko chini ya ngozi. Akakaa nacho kimya. Mwisho wa mwezi wa tatu ndo akamwambia binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu, wakaenda hospitali, akapigwa altrasaundi uvimbe ukaonekana una sentimita 3.1, wakamchoma sindano nene wakatoa vipande vinne vyembamba kama tambi vikawekwa kwenye kichupa cha dawa, wakaambiwa rudini baada ya wiki tatu.

Waliporudi walipewa bahasha ya kaki dirishani. Daktari siku hiyo hakuwepo, wakaambiwa mje Jumatatu, lakini nani anaweza kukaa na bahasha kama ile kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu bila kuifungua? Wakaifungulia kwenye daladala. Karatasi yote Kiingereza. Mdogo wangu ana fomu foo, akasoma akaelewa titi, akaelewa kansa, akakuta neno gredi na mbele yake 3, akaandika kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Majibu yametoka, mama ana kansa ya titi hatua ya tatu. Tumuombee." Na picha ya karatasi akaiweka.

Hapo ndo kila kitu kilipoharibika.

Baba mkubwa, ambaye ndo anaendesha vikao vyetu, akasema ya tatu hiyo, ya nne ni kaburi. Mwingine akakumbusha kuna jirani alikutwa na steji ya tatu akapelekwa akakatwa na mwaka haukuisha. Shangazi akasema kansa ikishafika huko ukiigusa na kisu unaiamsha inasambaa (hii nitairudia chini maana imeua watu wengi). Kikao kikakaliwa Jumapili baada ya kanisa, wakakubaliana mama asisumbuliwe na safari za hospitali, apumzike, atafutwe mtu wa dawa za miti Kyela, na watoto wawili wadogo waanze kuzoea kwa dada yao. Jumatatu hakuna aliyerudi kwa daktari.

Na mimi nafundisha bailojia sekondari hapa Mbeya mjini. Picha ile niliiona siku ileile. Nikaisoma juujuu, nikaona gredi 3, na kichwani kwangu ikaingia kama steji ya 3 bila hata kusimama. Nililia, nikatuma hela ya sabuni, nikaendelea kusahihisha mitihani. Wiki saba.

Nilipopata nafasi ya kwenda Isyonje ilikuwa katikati ya mwezi wa sita, ile baridi yenyewe. Nikamkuta amekaa sebuleni na vitenge vyake vyote ameviweka mafungu mafungu juu ya mkeka, hiki cha fulani, hiki cha mkwe, hiki cha yule jirani aliyemsaidia kuvuna. Mbegu za viazi alizokuwa ameweka kwenye kichanja zichipue alikuwa ameshampa jirani, akasema mimi sitazipanda. Aliongea kwa utulivu kabisa, hakulia, na utulivu huo ndo ulinikata. Nikamwomba ile karatasi. Akaitoa ndani ya Biblia.

Safari hii nikaisoma neno kwa neno, kila mstari. Kulikuwa na aina ya kansa, imeanzia kwenye mirija ya maziwa na imeshatoka nje ya mirija. Kulikuwa na gredi 3, na mbele yake hesabu, 3 kujumlisha 3 kujumlisha 2 ni 8 kati ya 9. Kulikuwa na vipimo vya homoni vinasubiriwa, vya kuona kama kansa inalishwa na homoni za mwili. Nikageuza nyuma, hamna kitu. Neno steji halikuwepo popote. Nikapiga picha nikamtumia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni daktari, haikupita dakika kumi akapiga simu: "Shikamoo mwalimu. Hiyo ni gredi. Steji ya huyu mama hakuna mtu ameipima bado. Tezi za kwapani zimeangaliwa? Kifua? Ini? Mleteni kesho, na mwalimu, gredi 3 maana yake sio muda umeisha, maana yake msipoteze muda."

Sasa nieleze nilichokuja kuelewa, kwanza kwa yule kijana halafu kwa daktari bingwa aliyemshika mama mdogo baadaye.

Gredi inatoka kwenye hadubini. Mtu wa patholojia anachukua vile vipande, anavikata vyembamba sana, anavipaka rangi, anaangalia seli zenyewe zina sura gani. Kwa titi anauliza maswali matatu. Je, seli bado zinajipanga kutengeneza vijirija kama titi la kawaida linavyofanya, au zimevurugika? Je, viini vya seli vinafanana, au kuna vikubwa vidogo vyenye sura za ajabu? Na je, ni seli ngapi zimekutwa ziko katikati ya kujigawa? Kila swali linapewa alama 1 mpaka 3, ndo maana ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 9. Ukipata 3 mpaka 5 ni gredi 1, 6 au 7 ni gredi 2, 8 na 9 ni gredi 3. Huu mfumo unaitwa wa Nottingham, ule mji wa Uingereza, Elston na Ellis waliutangaza mwaka 1991 kwa kuboresha wa zamani wa Bloom na Richardson wa 1957. Kwa hiyo gredi inakwambia tabia ya seli, zimeasi kiasi gani, zina haraka kiasi gani.

Na ona hili ambalo kwenye kikao hakuna aliyelijua: gredi ya titi kwa mfumo huu inaishia 3. Hamna 4. Baba mkubwa alihesabu imebaki hatua moja kufika kaburini wakati kwenye ngazi ile hiyo hatua haipo kabisa.

Steji ni habari nyingine. Steji inauliza kansa imefika wapi mwilini. Ule mfumo wa herufi tatu, T N M, ulianzishwa na daktari Mfaransa Pierre Denoix kati ya 1943 na 1952 na mpaka leo ndo unaotumika kwa kansa nyingi. T ni ukubwa wa uvimbe: kwa titi T1 ni mpaka sentimita 2, T2 ni zaidi ya 2 mpaka 5, T3 ni zaidi ya 5, T4 ni ukishashika ngozi au ukuta wa kifua. N ni tezi, kwa titi wanaanzia kwapani. M ni kama imeruka mbali, mapafu, ini, mifupa, ubongo. Ukishaziweka pamoja ndo unapata steji 1, 2, 3 au 4, na ile 4 maana yake M ipo.

Ukishaelewa hivyo unaona kwamba ile karatasi isingeweza kusema steji hata ingetaka. Mtu wa maabara alipewa vipande vinne kama tambi. Hajaona kwapa la mama mdogo, hajaona ini lake, hajawahi hata kumuona yeye mwenyewe. Kwa vipande vile anaweza kusema hizi seli ni za aina gani na zina ukali gani, basi. Steji inatafutwa kwa mikono ya daktari, altrasaundi, eksirei, siti skani, na wakati mwingine inathibitishwa baada ya upasuaji. Mtu akikupa majibu ya biopsi, yaani hicho kipimo cha vipande, peke yake halafu akakwambia steji, muulize ameipata wapi.

Kesho yake tukampeleka. Daktari bingwa alimshika kwapa kwa muda mrefu bila kuongea, akakuta tezi moja imevimba, akaichoma sindano, ikaja na kansa. Uvimbe wenyewe sasa sentimita 3.9. Siti skani ya kifua na tumbo, safi. Kwa hiyo T2, N1, M0, steji 2B.

Daktari akachukua karatasi akaanza kuchora miduara amweleze, mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema kwa maneno yake: "Kwa hiyo baba, hii ni kama ukungu wa viazi. Kuna ukungu mpole na kuna ukungu mkali, hiyo ni moja. Halafu kuna umeingia matuta mangapi, hiyo ni ya pili. Wa kwangu ni ukungu mkali umeingia matuta mawili." Daktari akaacha kalamu. Mama mdogo akaendelea: "Hiyo tatu ni tatu ya mbio, sio tatu ya umbali. Mbona ukungu mkali ukiingia matuta mawili sisi tunapiga dawa siku hiyohiyo, hatuachi shamba?"

Nimeeleza hili jambo kwa watu wengi tangu siku ile na sijapata njia nzuri kuliko hiyo.

Sasa kosa liliingilia wapi. Nimekaa nalo sana. Sehemu ya kwanza ni karatasi kutoka bila mtu, majibu kama yale yakipitia dirishani familia itayatafsiri yenyewe, na itatafsiri kwa woga. Ya pili ni lugha yetu yenyewe, maana hatua, daraja, kiwango, steji, gredi, vyote mtaani tunavitumia kwa zamu, mtu akisema kansa daraja la tatu wewe unasikia hatua ya tatu, na sikio la Mtanzania limezoea daraja kuwa ngazi unazopanda moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hata kama mdogo wangu angetafsiri kwa uangalifu zaidi bado wasikiaji wangepotea. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na miaka 24 kwenye daladala na mama yake pembeni.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni jingine. Tufanye ingekuwa kweli ni steji ya 3. Bado uamuzi wa kikao ulikuwa wa makosa! Steji ya 3 ya titi inatibiwa kwa nia ya kuiponya, matibabu ni marefu na magumu ila nia ni hiyo. Hata ya 4 ambayo kwa kawaida haiponi, kuna dawa za kuizuia na kupunguza maumivu na watu wanaishi, wengine miaka. Na lile la kisu kusambaza, kansa inasambaa kwa sababu ni kansa na imeachwa. Jirani aliyekufa baada ya kukatwa, mara nyingi ukiuliza vizuri unakuta alifika ikiwa imeshakwenda mbali.

Je, ile tezi ya kwapani iliingiwa ndani ya zile wiki saba? Hatuwezi kusema. Altrasaundi ya kwanza iliangalia titi tu, kwapa halikuguswa, kwa hiyo inawezekana ilikuwepo tangu mwanzo. Tunachojua ni kwamba uvimbe ulitoka 3.1 kwenda 3.9 wakati sisi tunakunywa dawa za miti. Namba ilikuwa inatuambia kimbieni na sisi tukaisoma kaeni.

Wodini alikuwepo mama mwingine kitanda cha pili, katokea upande wa Chunya, yeye kisa chake kilikuwa kinyume. Biopsi yake gredi 1. Ndugu zake walikuwa wamefurahi sana, wanasema ya kwanza hiyo, inaanza tu. Lakini ule uvimbe alikaa nao miaka, ulikuwa umeshatoboa ngozi, una kidonda, yaani T4, na T4 kama ile haiwezi kuwa chini ya steji ya 3. Ukungu mpole lakini umetembea shamba lote taratibu. Nilipowaona wale ndugu wanapanga kurudi nyumbani maana ni ya kwanza, mama mdogo ndo alinisukuma nikaongee nao, nikawaomba wamsubiri daktari kwanza. Walibaki.

Kuna kitu nisikifiche kwa sababu mtu akisoma kwingine ataona kama nimemdanganya. Hizi mbili hazijatengana kabisa. Kwa titi, ule mfumo wa Wamarekani toleo la 8 ulioanza kutumika Januari 2018 unaruhusu gredi na vipimo vya homoni na HER2 (protini inayochochea seli zikue) viingizwe pamoja na T, N, M kupata steji ya makadirio ya maendeleo ya mgonjwa, kwa hiyo watu wawili wenye uvimbe sawa na tezi sawa wanaweza kuandikiwa steji tofauti. Tezi dume nayo gredi inaingia kwenye hesabu ya steji. Na uvimbe wa ubongo wenyewe unapewa gredi 1 mpaka 4 na steji ya namba kwa kawaida haupewi. Kwa hiyo usikariri, uliza hii namba ni ya kipimo gani na ngazi yake inaanzia ngapi inaishia ngapi.

Hilo la inaanzia ngapi linawaumiza sana wazee wa tezi dume. Kuna alama zinaitwa za Gleason, za daktari Donald Gleason wa Marekani miaka ya 60, na kwenye biopsi siku hizi ya chini inayoandikwa kwa kawaida ni 6, juu 10. Mzee anaona 6 anadhani ameshavuka nusu, kumbe ndo ameshika ya chini kabisa, na wengi wenye 6 wanaweza kufuatiliwa tu kwa vipimo bila kuguswa.

Kurudi kwa mama mdogo. Vipimo vya homoni vilikuja chanya, HER2 hasi. Akaanzishiwa dripu za kemo kabla ya upasuaji. Hapa daktari alituambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba kansa za gredi ya juu mara nyingi zinaisikia kemo vizuri kuliko zile za gredi ya chini, kwa sababu dawa nyingi za kemo zinawinda seli zinazojigawa, na hizi ndo zinajigawa kwa fujo. Ile mbio iliyotutisha ndo ilikuwa inaipeleka kansa kwenye mtego. Nywele ziliisha dripu ya pili, ile dawa nyekundu ilimfanya achukie kila kitu chekundu mpaka nyanya, kuna wiki alikuwa anakunywa uji wa ulezi tu. Uvimbe ukawa unapungua, alikuwa anaushika mwenyewe asubuhi ananipigia simu kuniambia leo uko kama harage.

Akafanyiwa upasuaji, titi likatoka lote na tezi za kwapani 12, moja tu ikakutwa na masalia. Mionzi alikwenda Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 800 kwa basi, Makambako, Mafinga, Kitonga, Mikumi, na mdogo wangu alikaa naye kule wiki zote. Sasa yuko kwenye vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia homoni isiilishe kansa, kimoja kila siku kwa miaka isiyopungua 5, anavimeza na chai ya asubuhi, na kalenda ya ukutani anaweka alama.

Baba mkubwa alimfuata mama mdogo nyumbani aliporudi kutoka Dar, akakaa muda mrefu hajasema, mwishoni akasema shemeji tulikuzika mapema. Mama mdogo akamwambia baba, mliona tatu.

Mwezi uliopita kwenye grupu kuna binti wa upande wa Kyela aliweka picha ya majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi, wameandika CIN 3, na chini yake ameweka alama za machozi tu. Watu wakaanza kuandika pole, Mungu ni mwema. Kabla sijafungua hata kuandika ikaingia sauti ya mama mdogo, sekunde kumi na moja: "Binti, usilie kwanza. Hiyo tatu ni ya nini? Kamuulize daktari hiyo tatu ni ya nini." Akaenda kuuliza. CIN 3 sio kansa, ni seli zilizobadilika juujuu ambazo zikiachwa zinaweza kuja kuwa kansa, na ile 3 ni kiasi cha unene wa ngozi ya juu ya mlango wa kizazi uliobadilika. Wakamtoa kile kipande kwa waya wa umeme, akarudi nyumbani siku hiyohiyo, na ana tarehe ya kurudi kuangaliwa.